Kesi ya Kijinga

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya darasa letu la kidato cha pili, ile iliyotafunwa na panya upande mmoja, sikuiona. Inawezekana ilikuwa upande ule wa panya. Kwa hiyo msomaji akikuta kitu kinachofanana na cha kwao, amlaumu panya, mimi asinitafute.

Nchi yenyewe ilikuwa na mikoa miwili tu, Mlimani na Bondeni. Mlimani waliishi miungu, Bondeni wakaishi waliobaki. Miungu hao walikuwa wa Kigiriki, ndiyo maana majina yao yanakwama kidogo kooni, lakini tabia zao hazihitaji mkalimani.

Mkuu wa nchi aliitwa Zeu, Mtukufu Mkusanya Mawingu, Mwenye Radi, Baba wa Wengi. Hilo la mwisho lilikuwa cheo na pia takwimu. Kabla yake alitawala baba yake mzazi, mzee aliyekuwa na mazoea ya kuwameza watoto wake wakizaliwa, asije akapinduliwa. Zeu alipompindua, baada ya kumtapisha ndugu zake wakiwa hai, aliapa mbele ya umma kwamba serikali yake haitameza mtoto hata mmoja. Ahadi hiyo aliitimiza: watoto wake wote aliwapa wizara. Ndugu yake mmoja akapewa bahari, mwingine akapewa wafu, wizara yenye wananchi wengi na malalamiko machache. Dada yake Hera alipewa ndoa kwa maana zote mbili, yaani alikabidhiwa wizara ya ndoa, halafu akaolewa na Zeu. Nchi ilikuwa na sera ya udugu, na viongozi waliona ni vizuri waanzie nyumbani.

Zeu alipenda sana kuwatembelea wananchi wa Bondeni, hasa wananchi wa kike. Ili asiwasumbue kwa msafara na ngoma za mapokezi, alikwenda amejigeuza: leo fahali mweupe, kesho bata maji, mwezi ujao mvua. Ziara hizo ziliitwa ziara za kikazi. Baada ya miezi tisa matokeo ya kazi yalionekana wazi.

Sasa tuje kwenye moto.

Zamani Bondeni walikuwa na moto kama watu wengine. Siku moja Zeu akakasirishwa na jambo ambalo halikuandikwa popote, akaufuta moto kwa waraka. Moto ukaondoka, ukabaki mmoja tu, kwenye jiko la Ikulu, ukitunzwa na Hestia, dada mkubwa wa Zeu, ambaye nchi nzima ilimwita Shangazi. Bondeni wakaanza kula vibichi. Wizara ikatoa kijitabu kinachoeleza kwamba chakula kibichi huimarisha meno. Wasio na meno walishauriwa wakisome polepole.

Si kwamba moto ulikatazwa, la. Serikali ile haikukataza kitu. Kulikuwa na fomu. Unajaza jina, ukoo, sababu za kuhisi baridi, halafu unaambatisha majivu ya moto unaouomba. Ukikosa majivu, fomu inarudishwa. Kwa miaka mia nne fomu zote zilirudishwa, na kila mwaka taarifa ya serikali iliandika kwa masikitiko kwamba wananchi bado hawajajua kujaza fomu.

Huko Bondeni alikuwepo mama mmoja mfinyanzi, Bi Melita. Vyungu vyake vilisifiwa kila mahali mpaka mvua inyeshe. Udongo usiochomwa, si unajua, ukipata maji unakumbuka ulikotoka. Bi Melita aliishi na mama mkwe wake, Bibi Kseno, ajuza mwenye jino moja ambalo alilitunza kwa ajili ya kuchekea wageni. Kutafuna mahindi mabichi kulishamshinda, na mwaka ule alikuwa amekonda mpaka kivuli chake kilipita chini ya mlango bila kuinama.

Mgeni wao wa mara kwa mara alikuwa Promethe. Huyu alikuwa binamu wa Zeu na afisa wa kawaida kabisa katika Idara ya Viumbe. Ndiye aliyewafinyanga binadamu wa kwanza, kwa udongo, kwa hiyo yeye na Bi Melita walizungumza kama watu wa fani moja.

"Kaka Promethe," Bi Melita alimwambia siku hiyo, akikusanya vipande vya chungu kilichonyeshewa, "wewe ulipotufinyanga ulitukausha wapi?"

"Juani."

"Ndiyo maana. Shida ndogo tu, tumelegea."

"Mwambie na meno," Bibi Kseno alidakia kutoka mkekani. "Aliyabandika kwa mate."

Promethe alicheka, kisha akamtazama yule bibi vizuri, akaacha kucheka.

"Nimtafutie nini mama?" aliuliza.

"Uji," Bi Melita alisema. "Na uji hauivi kwa kijitabu. Pale kwenu moto unawaka kutwa. Nenda kwa Shangazi, mwambie jirani ameomba umgaie kijinga. Kimoja tu."

Wenzangu wa majiko ya gesi labda mmesahau, nikumbushe haraka. Kijinga ni kile kipande cha ukuni kinachowaka upande mmoja. Zamani jirani akizimikiwa moto alikuja kwako, ukamgaia kijinga, akaondoka mbio kabla hakijafa mkononi. Ndiyo maana hata leo mgeni akiaga kabla hajakaa sawasawa, bibi zetu humuuliza, "Kwani umekuja kuomba moto?" Bondeni moto ulikuwa umekwenda, lakini maneno yake yalibaki, maana hakuna aliyekumbuka kuyaweka kwenye waraka.

Promethe alipanda Mlimani, akaingia jikoni, akasema kama alivyotumwa.

"Chukua hicho cha pembeni," Shangazi Hestia alisema bila kuacha kukoroga. "Kinaungua bure tu. Nisalimie huyo bibi."

Promethe akakitia ndani ya bua la shamari, lenye uwazi katikati, kisizimwe na upepo, akateremka nacho akipuliza. Adhuhuri ile Bibi Kseno alikunywa uji wa moto. Alikunywa vikombe vitatu, akalia kidogo, akasema ulikuwa hauna chumvi.

Mlimani kulikuwa na kikao cha baraza. Zeu aliinua pua.

"Nani anaunguza kitu?"

Hermes alichungulia chini. Huyu Hermes alikuwa katibu wa baraza, tarishi, na Waziri wa Biashara, Wasafiri na Wezi. Wizara hizo ziliunganishwa ili kupunguza msuguano.

"Mtukufu, ni Bondeni. Wanakula vitu vya moto. Wanapuliza, wanakula, wanacheka."

"Wanacheka nini?"

"Bado tunachunguza."

Uchunguzi haukuchukua muda. Promethe alipoulizwa alisema ndiyo, ni yeye. Mlimani hakuna aliyewahi kujibu hivyo, ikabidi waulize tena. Hermes akaandika mashtaka kwa mwandiko wake mzuri: *Mshtakiwa ameiba kijinga katika jiko la Ikulu.*

Hapo ndipo nchi ilipojikwaa.

Miungu, tangu wazaliwe, hawajawahi kuzimikiwa moto, na hawajawahi kuomba cha jirani kwa sababu jirani wote ni wao. Neno kijinga walilijua kwa maana moja tu, ile ya kufanya mambo bila akili. Na sheria ya wizi ya nchi ile ilikuwa fupi na wazi: *Mwizi wa akili apewe majukumu makubwa zaidi. Aliyeiba kijinga afungwe mwambani.*

"Ushahidi wa akili ukoje?" Zeu aliuliza. Alikuwa hakimu siku hiyo, kwa sababu hakimu wa kawaida pia alikuwa yeye.

Hermes alijipiga kifua taratibu. "Mfano ni mimi, Mtukufu. Siku ileile niliyozaliwa, kabla hata sijafunguliwa nguo za uchanga, niliiba ng'ombe hamsini wa kaka yangu. Niliwaswaga kinyumenyume ili nyayo zionyeshe wamerudi. Wakaja kunikamata, wakaishia kunipa wizara."

Baraza likapiga makofi. Baadhi walifuta machozi.

"Na huyu?"

"Huyu alipita mlangoni mchana, akatoka mlangoni mchana, akampa mtu mwingine kitu chenyewe, na alipoulizwa akakubali. Mimi katika utumishi wangu sijapata kuona wizi wa kijinga kama huu."

"Naomba kusema," Promethe alisema.

"Kwa ufupi."

"Kijinga hapo ni nomino."

Mwalimu wetu wa Kiswahili angekuwepo angelia kwa furaha.

"Ni kitu," Promethe aliendelea. "Kijinga, vijinga. Kiko katika ngeli ya ki na vi. Sikuiba kijinga, niliomba kijinga. Na nikapewa."

"Unasikia?" Hermes alimnong'oneza Zeu. "Anavyo vingi. Vijinga."

Shangazi Hestia alisimama nyuma na mwiko wake mkononi. "Mdogo wangu, nilimpa mimi. Kilikuwa kinaungua bure."

"Dada," Zeu alisema kwa upole mkubwa, "hapa hatujadili mapishi."

Kisha akainuka, akapanga mawingu nyuma yake, akatoa hotuba. "Ndugu wajumbe, taifa letu limejengwa juu ya akili. Baba yangu alidanganywa kwa jiwe lililofungwa nepi, akalimeza akidhani ni mimi, na kwa akili hiyo nimefika hapa. Leo tukimwachia mtu aibe kijinga, kesho vijana wetu wataiga nini? Naapa kwa mto wa wafu kwamba Promethe atafungwa mwambani miaka elfu thelathini, na kila siku tai wa serikali atakula ini lake. Ini litaota upya usiku, ili kazi iwe endelevu."

Hermes akasoma masharti ya kawaida ya hukumu, yale yanayosomwa haraka watu wakiwa wanatafuta viatu. La mwisho lilisema kwamba hukumu yoyote isipotekelezwa kwa siku tatu mfululizo, mpaka jua la siku ya tatu lizame, ihesabike imekwisha na jalada lifungwe. Zeu aliliweka mwenyewe zamani, kwa kuwa hakupenda viporo mezani kwake. Watu walicheka. Tai gani ataliacha ini siku tatu.

Promethe akafungwa kwa minyororo kwenye mwamba ulio mbali sana, akiwa wima. Tai akateuliwa kuwa Afisa Maini wa Wilaya. Alifika kila asubuhi saa mbili kamili, akatia saini daftari la mahudhurio kwa ukucha, akapiga salamu.

"Habari za kuamka, mzee?"

"Salama, Afande. Karibu."

"Starehe."

Akafanya kazi yake, akafuta mdomo kwenye bawa, akafungua mabawa aondoke.

"Mbona haraka, Afande?" Promethe alimtania kila siku, kwa sauti iliyobaki. "Umekuja kuomba moto?"

Tai hakucheka. Kanuni za utumishi zilimruhusu kucheka na walio ngazi yake tu. Serikali nayo ikatangaza kwamba uzalishaji wa maini umepanda kwa asilimia mia moja kila siku. Nawasimulia hivi mcheke, lakini msije mkacheka mpaka mkasahau kwamba iliuma. Iliuma kila siku.

Miaka miwili ilipita hivyo. Asubuhi moja Bi Melita akatokea chini ya mwamba, kiunoni kanga ya vumbi, kichwani chungu kilichojaa makaa. Chungu kilikuwa kimechomwa, kigumu, ukikigonga kinalia.

"Kaka, tumekutafuta mpaka miguu imekataa," alisema akihema. "Kila ofisi waliniambia uko semina."

"Mama yuko?"

"Yuko, amenenepa, ananigombeza mchana kutwa. Amesema nisirudi bila kukulisha." Akapanga mishikaki juu ya makaa, akanyunyiza chumvi, akapepea. Moshi ukapanda.

Promethe alinusa, akageuza uso. "Melita. Hayo ni maini?"

"Ya mbuzi."

"Kati ya nyama zote za dunia."

Bi Melita akaziba mdomo kwa mkono. "Jamani. Ndiyo yaliyokuwa yamebaki buchani."

Wakatazamana, kisha wote wawili wakacheka mpaka minyororo ikalia. Saa mbili kamili Tai akatua, akachukua daftari.

"Mpe Afande," Promethe alisema. "Mtaalamu wa maini ni yeye."

Tai aliukataa mshikaki mara moja kwa mujibu wa kanuni, akaukubali mara ya pili kwa mujibu wa harufu. Alitafuna. Akafumba macho.

"Hiki ni nini?"

"Ini," Bi Melita alisema.

"Mama, mimi nimekula ini miaka miwili, bila likizo. Nakuuliza, hiki ni nini?"

"Ini, na chumvi, na kijinga."

Alimaliza mishikaki yote saba. Alipomgeukia Promethe tumbo lilikuwa limejaa, akaandika kwenye daftari *haikutekelezwa*, akaruka kwa shida. Promethe alimtazama mpaka akawa nukta. Kisha akakumbuka yale masharti yaliyosomwa haraka.

"Melita," alisema taratibu, "hiyo ni siku moja."

Siku ya pili Tai alikuja na njaa, akadonoa, akatema. "Bichi," alisema, kama anayemtaja adui wa familia. Akajaribu tena akiwa amefumba macho, ikashindikana. Akaandika *haikutekelezwa*. Bi Melita alilala pale chini ya mwamba, akiuchochea ule moto.

Siku ya tatu asubuhi Tai alipiga ripoti kwa Hermes, na Hermes alipoisoma aliruka kitini.

"Leo jua likizama amefunguliwa! Nenda kale hilo ini."

"Siwezi, Mheshimiwa. Ni bichi."

"Bichi linaimarisha meno. Soma kijitabu."

"Mimi ni ndege, Mheshimiwa. Sina meno."

"Basi lichome."

Tai akaenda jikoni kwa Shangazi Hestia, akaomba moto.

"Mwanangu," Shangazi alisema akikoroga, "safari iliyopita niligawa bila fomu, mtu akafungwa. Siku hizi nafuata taratibu. Leta fomu."

Tai akajaza fomu. Jina, ukoo, sababu za kuhisi baridi. Kwenye majivu akakwama. Akarudi kwa Hermes, Hermes akasema majivu yanaweza kusamehewa kwa saini ya Zeu peke yake. Na Zeu alikuwa kwenye ziara ya kikazi tangu juzi.

"Amekwenda kama nani?"

"Ratiba inasema fahali."

Basi Waziri wa Biashara, Wasafiri na Wezi akashuka Bondeni na fomu mkononi, akaanza kuzunguka malishoni. Alimwendea fahali wa kwanza, akapiga goti. "Mtukufu?" Fahali akampiga mkia. Alimwendea wa pili, wa tatu, wa kumi na nane. Wachungaji walimtazama kwa adabu, maana hawakujua kama ni maradhi au ni sera. Jua lilikuwa limeshavuka kichwa.

Tai naye hakukaa bure. Aliruka mpaka mwambani, akatua mbele ya Bi Melita, akatazama makaa.

"Mama, nigaie kijinga. Nichome kitu kidogo."

Bi Melita alimtazama Tai, akatazama ini la rafiki yake, na najua alitamani kumpiga na chungu. Lakini kwao mtu haombi moto akanyimwa.

"Kijinga nitakupa," alisema. Akachukua kipande cha mkaa, akaandika juu ya jiwe bapa. "Ila tia saini hapa. Mambo yawe na kumbukumbu."

Tai akasoma. *Mimi, Afisa Maini wa Wilaya, nimechukua kijinga.* Akasoma tena. Akainua macho, akaiona minyororo ya Promethe, na akaona kwamba pembeni pale mwambani kulikuwa na nafasi ya mtu mwingine mmoja, hata kama ni ndege.

"Hapa," aliuliza polepole, "ni nomino?"

"Kwangu ni nomino," Bi Melita alisema. "Huko kwenu sijui wataisomaje."

Tai akaliweka jiwe chini kwa uangalifu. Akakaa juu ya daftari lake, akasubiri saini ya Zeu.

Huko malishoni Hermes alikuwa amempata fahali mweupe, safi, mwenye macho ya unyenyekevu, aliyesimama karibu na msichana anayefua. Dalili zote zilikuwepo. Hermes akapiga magoti mawili, akaisoma fomu yote kwa sauti, akainyoosha mbele kwa saini. Fahali akainusa, akaila. Akala na viambatisho. Hermes akaandika kwenye shajara yake: *Mtukufu amelipokea suala na analifanyia kazi.* Zeu mwenyewe siku hiyo alikuwa bata maji, bwawa la tatu upande wa kushoto.

Jua likazama.

Tai aliandika *haikutekelezwa* kwa mara ya tatu, akalifunga daftari, akatoa ufunguo shingoni. "Taratibu ni taratibu," alisema, na safari hii alicheka, kwa kuwa mfungwa akishafunguliwa ni raia, na raia hana ngazi.

Zeu aliporudi, manyoya yakiwa bado kwenye nywele, alikuta jalada limefungwa. Aliwaambia wananchi kwamba serikali kwa huruma yake imemsamehe Promethe. Lakini alikuwa ameapa kwa mto wa wafu, na kiapo hicho hakitenguliki. Kwa hiyo walimega kijiwe kutoka kwenye ule mwamba, wakakitia kwenye pete ya chuma, wakamvisha Promethe kidoleni. Kisheria bado amefungwa mwambani miaka elfu thelathini, ila mwamba umepunguzwa.

Moto wa Bondeni haukurudishwa Ikulu, kwa sababu hakuna aliyejua fomu ya kurudisha. Sheria ya wizi nayo ilirekebishwa ili aibu ile isijirudie. Sasa inasema aliyeiba kijinga cha nomino afungwe, na aliyeiba kijinga cha namna nyingine yoyote asisumbuliwe. Tangu hapo waheshimiwa wa Mlimani wanaiba kijinga kabisa, mlangoni, mchana, bila hata kuwageuza ng'ombe kinyumenyume.

Promethe alifika kwa Bi Melita siku iliyofuata. Bibi Kseno alimwonyesha jino lake. Alimwekea uji, akamwekea kigoda, lakini mgeni alibaki wima mlangoni. Baada ya miaka miwili mwambani, magoti yalikuwa yamesahau kazi yake.

"Kaa basi," bibi alimwambia. "Umekuja kuomba moto?"

Promethe akashika mlango, akakunja goti moja, akakunja la pili, akakaa. Kisha mlango ukagongwa kwa kitu kama ukucha. Alikuwa Tai, hana daftari, ana kifurushi cha nyama chini ya bawa.

"Samahani wenyeji," alisema. "Mimi ndiye nimekuja kuomba moto."